Dawa ya Nywele Niliyowekwa Tandika

Iko Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo siisahau, mjukuu wangu, niliyokaa kwenye kiti cha saluni pale Tandika nikasema uongo mara mbili kabla kichwa changu hakijaguswa. Uliponiuliza juzi kama dawa ya kunyoosha nywele inamtia mwanamume upara, nilicheka nikakwepa. Leo nakujibu, ila nitapita njia ndefu kidogo, maana jibu lenyewe nililipata kwa aibu.

Nilikuwa seremala, kijana wa miaka ishirini na tatu, naishi kwa mjomba wangu Temeke. Mjomba alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Newala, mpole, haongei mpaka aulizwe. Wakati ule vijana wa mjini wote tulitaka nywele laini zinazolala. Nilikuwa nimealikwa kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Rehema, huyu huyu bibi yako, na niliona siwezi kwenda na nywele zangu za kipilipili. Ujinga huo, lakini ndivyo nilivyoona.

Saluni ilikuwa ya dada mmoja akiitwa Zamda. Chumba kimoja, kioo kimoja, viti viwili, na wateja mpaka barazani. Alikuwa na mikono myepesi na maswali mengi. Akanifunga taulo shingoni, akaniuliza:

"Umewahi kuweka dawa karibuni?"

"Hapana, dada."

Nilikuwa nimeweka wiki tatu nyuma, kwa rafiki yangu Buguruni, na haikushika vizuri.

"Una kidonda? Umejikuna?"

"Sina."

Nilikuwa nimejikuna asubuhi ile ile kwa kitana, kichwa kinawasha mba. Zamda akaniamini. Akanipaka mafuta ya mgando kuzunguka masikio na kipaji, akavaa glavu, akaanza.

Dakika chache tu nikasikia moto utosini. Nikanyamaza. Yeye akaangalia saa, akasema, "Haya, njoo tuoshe." Mie nikamshika mkono. "Bado hazijalala, dada. Niache kidogo." Akakataa. Nikamsihi tena, nikamwambia mie ndiye mwenye kichwa. Wateja wakacheka, naye akawa na mtu mwingine anamsubiri, akaniacha kidogo. Kidogo hicho, mwanangu, ndicho kilichoniunguza. Alipogeuka akaniona machozi yananitoka, akanivuta mwenyewe mpaka kwenye ndoo, akamwaga maji, akamwaga tena, huku ananilaumu kwa sauti ya mtu aliyeogopa.

Kesho yake utosi ulikuwa na malengelenge. Wiki haijaisha nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Nyingi zilikatika tu katikati, lakini pale palipoungua zikatoka zote, ngozi ikabaki nyekundu inachuruzika maji. Nikavaa kofia ya sufu kwenye joto la Dar. Safari ya kwa kina Rehema nikaiahirisha, nikasingizia homa.

Watu walipouliza nikasema, "Zamda kaniunguza. Hajui kazi yule." Nilisema karakana, nikasema kibarazani, nikamwambia Rehema, naye akawaambia shangazi zake, ambao wote walikuwa wateja wa Zamda. Habari ya kichwa kilichoungua inakwenda mbio. Haikupita muda nilipita pale saluni nikaona viti vitupu na Zamda amekaa mlangoni, mikono mapajani. Aliniona. Nikavuka upande wa pili wa barabara.

Ni mjomba aliyenilazimisha kwenda hospitali, baada ya kusikia harufu ya kile kidonda. Akaingia na mie mpaka kwa daktari. Daktari alikuwa mama mtu mzima, akanivua kofia, akatazama utosi, kisha akauliza maswali yale yale ya Zamda. Lini uliweka kabla ya hapo? Ulikuwa umejikuna? Ulikaa nayo muda gani tangu ilipoanza kuunguza? Kwa daktari nikaogopa kudanganya. Nikasema yote, na mjomba kakaa pembeni anasikia.

"Na huyo wa saluni hakukwambia uoshe?"

"Aliniambia. Mie ndiye niliyekataa."

Daktari akaandika dawa ya kupaka na ya kumeza. Kisha akanieleza, na maneno haya ndiyo jibu lako. Alisema dawa ile ni kali, inadhoofisha unywele wenyewe mpaka unakatika, lakini unywele uliokatika shina lake likiwa zima unaota tena. Inapounguza ngozi mpaka ikaacha kovu, shina linakufa, na hapo hapaoti kitu. Nikamwonyesha kipajini, ambako nilikuwa nimeona nywele zinarudi nyuma pande zote mbili. Nikamwambia na hapa pia ni dawa.

"Hapo sidhani," akasema. "Hapo ngozi nzima, haina kovu. Kwenu kuna wenye upara?"

Kabla sijajibu, mjomba akavua baraghashia yake taratibu akaiweka gotini. Kichwa kinang'aa kama kinyago kilichopakwa nta. Daktari akacheka, mjomba akacheka, hata mie. Wanaume wengi, akasema, upara wanazaliwa nao, unaweza kutoka kwa mama au kwa baba, na unakuja hata kwa asiyewahi kushika dawa.

Tulipotoka nje mjomba hakucheka tena. Tulitembea mpaka karibu na nyumbani ndipo akaongea.

"Yule binti alikukataza."

"Ndiyo, mjomba."

"Na wewe umemwambia kila mtu kwamba hajui kazi."

Nikaivuta kofia mpaka masikioni.

"Kichwa chako kitapona. Yeye atapona vipi?"

Hakuniongezea neno, na laiti angenipiga.

Kesho yake nikaenda Tandika. Chumba kimefungwa, jirani akaniambia Zamda amehamia kwa mama yake Kigamboni. Nikavuka na pantoni, nikamuulizia, nikamkuta uani amekaa kwenye mkeka anamsuka mtoto wa dada yake. Nikavua kofia, nikamwambia nilidanganya nikiwa kwenye kiti chake na nikadanganya tena nilipotoka. Nikaomba radhi.

Alimaliza kwanza ule msuko. Kisha akasema, "Kaka, mie ukweli naujua tangu siku ile. Umekuja kumwambia mtu asiyeuhitaji. Rudi Tandika ukawaambie wao."

Nikarudi. Nilianza na Rehema, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Alikasirika siku nyingi, akasema bora angeolewa na kipara kuliko muongo. Nikazunguka kwa shangazi zake, karakana, kibarazani, nikiwa kichwa wazi ili waone. Wengine walinicheka, wengine wakasema mbona sasa. Shangazi wawili wakawa wanavuka mpaka Kigamboni kusukwa na Zamda, na baadaye akapata wateja wa huko huko. Lakini saluni yake ya Tandika haikufunguliwa tena. Hilo sikuweza kulirudisha.

Basi mwanangu, ukitaka kunyoosha nywele, sikukatazi, kichwa ni chako. Ila usiende na ngozi iliyochubuka, wala usirudie wiki chache baadaye. Ikianza kuunguza, sema, osha kwa maji mengi, usingoje zilale. Ukiona lengelenge nenda hospitali, usifiche chini ya kofia kama mie. Na nywele za mbele zikianza kukukimbia, usimtafute mchawi wala saluni, njoo ututazame sie wazee wako, utajua zilikokwenda. Zaidi ya yote, anayekuhudumia akikuuliza, mjibu kweli. Na ukiumia kwa kosa lako, usimtwishe mwenzio, maana jina la mtu likishaungua, hata mwenye kuliunguza hana dawa ya kulipaka.

Mola akupe afya ya mwili na moyo mwepesi wa kusema "nimekosa" mapema, kabla mtu hajafunga mlango wake kwa sababu yako. Amina.