Wanaobaki Kwenye Benchi

Jumapili ambayo Yudita Sanga alirudi kanisani baada ya miaka sita, hakuja kusali. Alikuja kuangalia nani hatasimama.

Alichagua benchi la pili kutoka nyuma, karibu na nguzo, mahali ambapo mtu huona migongo yote na mwenyewe haonekani vizuri. Ilikuwa siku ya Chakula cha Bwana. Katika mtaa ule, kanisa dogo la Kilutheri katika kijiji cha pili ukipita Matembwe, waumini hutoka benchi kwa benchi kwenda kupiga magoti mbele, na kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika: mwenye jambo zito moyoni hubaki ameketi. Haulizwi kitu. Lakini anaonekana.

Yudita aliwaza hivi: mtu anaweza kumdanganya mtendaji wa kijiji, anaweza kumdanganya polisi, hata mkewe. Lakini mtu aliyebatizwa, akalelewa na kengele ya kanisa hili, kisha akateketeza msitu wa mjane, hatathubutu kufungua kinywa apokee kile kipande cha mkate. Ataogopa. Basi yeye atakuja hapa kila mwezi, akae nyuma ya nguzo, mpaka amjue anayeogopa.

Msitu wenyewe ulikuwa ekari nane za mipaina. Aliupanda yeye na mumewe, Jastin, mwaka ambao binti yao Irine alianza darasa la kwanza. Mpango ulikuwa wa Jastin: miti ikomae, wavune, wajenge gesti Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, ambapo wasafiri hawakauki. Jastin alifariki miti ikiwa imempita kimo kidogo tu. Yudita hakuuacha mpango. Alihamia Makambako, akapanga chumba, akauza masweta ya mitumba sokoni, Jumapili ikiwamo, na kila alichobakiza akakigeuza tofali. Kiwanja akakipata. Msingi ukajengwa, vyumba kumi. Rangi ya mapazia alikuwa nayo kichwani. Mteja akichagua sweta alimwambia, "Vaa salama. Siku moja utakuja kulala kwangu."

Kwao ni Makete, kwa Wakinga, na aliolewa kwa Wabena. Alikuwa na lugha tatu na kila moja alikuwa ameipa kazi yake: Kikinga cha kugombana, Kibena cha msibani, Kiswahili cha kuuza na kumsemesha Mungu. Miaka ile hiki cha tatu alikitumia kuuza tu.

Kisha ikaja Jumatano moja ya Oktoba. Alikuwa shambani tangu asubuhi akipunguza matawi. Alifanya kazi mpaka saa nane mchana, akanywa chai ya moto, akala viazi, akafunga mzigo na kushuka barabarani kuwahi gari. Amefika Njombe mjini, simu ikaita. Aliporudi kilimani jioni ile, kilima kilikuwa kinapumua kama tanuri la tofali, na watu waliokuwa na matawi mabichi mikononi walikuwa wameacha kuupiga moto.

Mtendaji alikuja na daftari. Aliuliza huyu, akauliza yule. Ilikuwa wiki ya kuandaa mashamba, kila mtu alikuwa na kiberiti. Mwisho akalifunga daftari.

"Mama Irine, moto hauna mwenyewe."

"Kila moto una mkono," Yudita alimjibu.

Maneno hayo aliyarudia njia nzima mpaka Makambako. Aliyarudia akipanga masweta, akiyapangua, akipiga mswaki. Magogo yaliyoungua yalikwenda kwa bei ya kuni; hakwenda kuyaona yakipakiwa, alimwachia shemeji. Alichokitaka sasa kilikuwa kimoja: ule mkono.

Jumapili ya kwanza walibaki saba. Wawili alijua sababu yao, walikuwa wanaishi pamoja bila ndoa. Mmoja alikuwa Mama Rebeka, jirani wa zamani. Baada ya ibada Yudita alimshika mkono, akaushikilia kidogo zaidi ya inavyostahili salamu.

"Mama Rebeka, leo hukwenda mbele?"

"Goti, mwanangu. Nikishuka pale nani atanipandisha, malaika?"

Yudita alicheka pamoja naye. Lakini njiani alijiambia kwamba goti ni kisingizio kizuri sana, kwa kuwa hakuna awezaye kuingia ndani ya goti la mwenzake akaona. Mwezi uliofuata Mama Rebeka alikwenda mbele akishikiliwa na wanawake wawili, akiguna kila hatua. Yudita akamwondoa kwenye hesabu, kwa shingo upande.

Kabla ya Krismasi, Mwinjilisti Hosea alitokea mbele ya meza yake ya masweta Makambako.

"Bwana asifiwe, Mama Irine."

"Amina. Unatafuta sweta, Mwinjilisti, au unanitafuta mimi?"

"Vyote viwili. Baridi ipo, na wewe tunakuona ibadani lakini unatoka kabla ya baraka."

"Gari halingoji baraka."

Hosea aliokota sweta la kijani, akalipima kifuani. "Tunakuombea, ujue."

"Akina nani?"

"Sisi. Watu."

"Nitajie majina."

Hosea alicheka mpaka muuza viatu wa jirani akageuka. "Nyie Wakinga! Hata Mungu mtamdai risiti."

Alimuuzia sweta bila kumpunguzia. Mwinjilisti alipopotea kwenye umati, Yudita alibaki ameshika hanga tupu akiwaza. Mtu hatoki kijijini kule, upande wa Lupembe, mpaka Makambako kwa ajili ya sweta la kijani. Ametumwa. Kuna mtu anataka kujua yeye Yudita amejua nini.

Februari waliobaki kwenye benchi wakazidi kupungua. Wale wawili walifunga ndoa. Mwingine alisuluhishwa na kaka yake, akaenda mbele akilia, na wengine wawili wakamfuata. Mpaka kufikia Machi alikuwa amebaki mtu mmoja, ambaye tangu Novemba hakuwa amesimama hata mara moja, siku ya Krismasi ikiwamo. Mzee Efraimu.

Shamba la Mzee Efraimu linapakana na lake upande wa chini, na upepo wa Oktoba hupanda. Ndiye aliyemfundisha Jastin kuotesha miche. Ndiye aliyebeba jeneza la Jastin, upande wa kichwani, akakataa kupokewa. Mambo hayo Yudita alikuwa ameyaweka moyoni kwa shukrani miaka mingi. Sasa aliyatoa moja moja akayageuza, na kila moja lilinuka moshi. Kumbe mtu anakuwa mwema kiasi hicho kwa sababu gani?

Jumapili ya Aprili hakukimbilia gari. Alitaka kwanza apite shambani, ajitie hasira ya kutosha, ndipo aende kwa mzee. Hakuwa amekanyaga pale tangu moto. Alitegemea kukuta visiki na majivu. Alikuta mipaina. Midogo, urefu wa kiganja, mingi kama nywele, kutoka mpaka mmoja hadi mwingine.

Aliinama, akaupapasa mmoja. Mtu anayetaka ardhi yako haji na panga. Anapanda miti, ananyamaza, miaka inapita, na siku mnapofikishana barazani miti ndiyo mashahidi wake. Kwanza amechoma. Sasa amepanda. Akang'oa miche ya kujaa mkono, mizizi ikiwa bado na udongo, akashuka nayo.

Mzee Efraimu alikuwa nje ya jiko lake, ameketi kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye ungo.

"Kamwene, mwanangu. Karibu."

Yudita hakuitika. Alitupa ile miche juu ya maharage. "Umepanda nini kwangu?"

Mzee aliuokota mmoja, akaupangusa udongo kwa kidole gumba. "Huu haukupandwa."

"Umekuja kwa miguu?"

"Umeukuta kwenye mstari?"

Yudita aliitazama miche iliyolala juu ya maharage.

"Nakuuliza. Jastin alipanda kwa kamba, nawe ulishika upande mmoja wa kamba hiyo, nilikuona. Hii imekaa kwa kamba?"

"Imetapakaa tu."

"Basi aliyepanda ni moto. Koni ya mpaina, lile tunda lake gumu, hujifunga kwa utomvu wake. Moto ukipita utomvu unayeyuka, koni inafunguka, mbegu zinamwagika kwenye majivu. Bwana misitu anaiita maotea. Marehemu hakukwambia kwa kuwa hakuwahi kuunguliwa." Aliurudisha mche juu ya ungo, taratibu. "Ulidhani ni mimi."

"Nadhani bado ni wewe." Yudita aliketi juu ya gogo bila kukaribishwa. "Miezi sita, Baba, huendi mezani. Nimekuona. Niambie mimi basi."

Mzee hakukasirika. Alitazama mikono yake.

"Jumatatu ile nilichoma mabua. Nikazima. Nikalala palepale na ndoo ya maji, usiku wa Jumatatu na wa Jumanne. Jumatano asubuhi nikaingiza mkono huu kwenye majivu, yalikuwa baridi. Nikaja nyumbani. Mchana kukawaka. Ni mimi? Sijui. Mchungaji aliniambia meza ile haikutandikwa kwa ajili ya wasio na kosa. Nikamjibu nitakwenda siku nitakapojua. Akasema, basi Mzee, utakufa na njaa."

Kuku alipita kati yao. Mzee akamfukuza kwa mguu.

"Na wewe je?"

"Mimi nini?"

"Wewe nawe huendi mbele. Ulidhani anayetazama ni wewe peke yako? Ile nguzo ni nyembamba, mwanangu. Kijiji kizima kinakuona umeketi. Wanaulizana, yule mama ana nini moyoni?"

Yudita alifungua kinywa, na Kikinga cha kugombana kilikuwa tayari kwenye ulimi. Hakikutoka. Kilichomjia ni chai. Chai ya moto ya Jumatano ile, ambayo hakuna aliyemletea. Aliichemsha mwenyewe, kwenye mawe matatu pembezoni mwa miti. Hakumwambia mtendaji. Hakumwambia Irine. Alikuwa amejifunza kuipita siku ile kwa haraka katika kumbukumbu, kama mtu anavyopita mbele ya nyumba anayodaiwa.

"Nilifukia makaa," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa mguu. Nilikuwa nawahi gari."

"Ndiyo."

Alimtazama mzee. "Ulijua!"

Mzee Efraimu aliinuka, akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha bati kilichobabuka rangi yote, kishikio kimepinda. Yudita alikitambua kwa kile kishikio kilichopinda tangu zamani.

"Nilikikuta kwenye mafiga siku ya pili."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kuna mafiga yako, kuna mabua yangu, kuna warina asali walikuwa kule juu, kuna mchoma mkaa. Siku ile kilima kizima kilikuwa na kiberiti." Alimpa kikombe. "Halafu, nisikufiche. Kama ningesema ni wewe, Jumapili ile ile ningekwenda mezani nimenyoosha shingo. Nilijiogopa. Nikakificha nyuma ya kuni."

Shaka haimtoki mtu siku moja. Kwa wiki nzima, Makambako, Yudita aliwaza kwamba pengine mzee alikipinda kile kikombe mwenyewe. Alikiweka mezani kati ya masweta, akakitazama asubuhi, akakitazama jioni. Siku ya nane, bado hajafungua mafurushi, alishika kikombe kwa mikono miwili akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini ili muuza viatu asisikie: "Bwana, sijui ni nani. Kama ni mimi, wewe unajua. Kama si mimi, unajua pia. Mimi nimechoka kuwa askari." Hakikutokea kitu. Mteja wa kwanza alikuja akaulizia sweta la shule. Lakini siku ile, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, alipopiga mswaki hakuwa na sentensi kinywani.

Gesti haikujengwa, wala haitajengwa. Msingi upo mpaka leo, na ndani ya vile vyumba kumi amelima. Chumba cha kwanza kina kabichi, vilivyobaki viazi. Wateja wa zamani wakimuuliza anafungua lini, huwajibu, "Imeshajaa. Viazi wamelala humo, na hawasumbui kudai shuka." Anacheka mwenyewe kabla yao. Ekari nane anazipalilia pamoja na Mzee Efraimu, wanapunguza maotea yaliyosongamana, wakijua wote wawili kwamba atakayeyapasua mbao si mmoja wao.

Jumapili ya Mei, mwaka ule ule, alikaa benchi lile lile nyuma ya nguzo, kwa mazoea. Maungamo yaliposomwa, yale ambayo kanisa zima husema pamoja kwa sauti moja, alijikuta hatazami midomo ya watu. Benchi la mbele likatoka. Likafuata la pili. Zamu ya Mzee Efraimu ikafika, na mzee, kama kawaida, akasogeza magoti pembeni ili wenzake wapite.

Yudita alitoka nyuma kabla ya zamu yake. Minong'ono ikamsindikiza, aliisikia vizuri. Alipofika kwenye benchi la mzee alisimama.

"Baba, twende."

"Umejua ni nani?"

"Sijajua."

"Hata mimi."

"Basi twende na njaa yetu."

Kwaya ikamaliza ubeti. Mzee akashika ukingo wa benchi lililokuwa mbele yake, akainuka.

Walipiga magoti pamoja, bega kwa bega. Yudita alipokea, akameza, na kwa muda akabaki ameinamisha kichwa, akisikia nyuma yake mabenchi yakilia, viatu vikiburuta, mtu akikohoa.

Nje ya kanisa, Mama Rebeka aliwafuata kwa fimbo yake. "Haya, Mama Irine, wewe mwenye macho. Leo nani kabaki?"

"Sikuona, Mama," Yudita alisema. "Kule mbele unawapa watu mgongo."

Na kwa kuwa baraka ilikuwa imekwisha kutolewa na gari lilikuwa limekwisha kupita, alimfuata Mzee Efraimu kwenda kuchukua jembe.