Mikataba Miwili ya Chumba Kimoja

Usiku ule nililala na mikataba chini ya mto, ili asubuhi nisianze kuitafuta. Kila mpangaji wangu alikuwa na miwili. Mmoja umeandikwa pango kubwa kuliko analolipa, wa kupeleka benki, ili wanikopeshe hela ya kutosha. Mwingine umeandikwa nusu ya analolipa, wa kuwaonyesha watu wa mapato, ili kodi ya serikali iwe ndogo. Wazo lilikuwa la mdogo wangu Saidi, anayejua mambo ya mjini. Aliniambia kila nyumba ina mlango wa mbele na mlango wa uani, na karatasi zake ziwe hivyo hivyo.

Wapangaji walitia sahihi bila ubishi. Mwajuma tu, anayekaanga maandazi na kukaa chumba cha kwanza, aliniuliza mbele ya wenzake, "Baba Rehema, mwezi ujao nikuletee hela ya karatasi ipi, kubwa au ndogo?" Watu wakacheka. Nikacheka nao kidogo. Iliyobaki ilikuwa sahihi yangu, na asubuhi nilikuwa naenda benki.

Mkopo niliutaka kwa ajili ya vyumba viwili vya uani. Mke wangu, Mama Rehema, aliviacha vimefika kwenye linta, pale juu ya milango, akaumwa, akafariki. Tangu tumzike, kila nikifungua dirisha naziona zile kuta hazina paa, na majani yanaota ndani. Nilitaka viezekwe vyote viwili kabla ya mvua, nisivione tena vile.

Basi nikawa nimesimama uani, na ni mchana. Ule upepo wetu wa Singida unavuma, vumbi linapita, lakini sisikii chochote. Mtu akabisha hodi getini. Kufungua, ni yeye. Amejitwika godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, mkononi ana ndoo. Amevaa kitenge chake cha kijani, kile tulichompa dada yake baada ya arobaini. Sikushangaa. Niliona tu kwamba amechoka na mzigo.

Akanisalimia kama mgeni anavyomsalimia mwenye nyumba. Akasema, "Nimesikia una chumba."

Nilitaka kumwambia hii ni nyumba yako, ingia. Mdomo haukufunguka. Nikatangulia, yeye nyuma, na ua wetu mdogo ukawa mrefu. Tunapita kamba za nguo, tunapita jiko la Mwajuma linawaka peke yake, tunapita tena kamba zile zile, mpaka tukafika vyumba vya uani. Vina paa. Bati jipya linang'aa hadi macho yanauma. Nikasema moyoni, kumbe vimeshakwisha.

Hapa niseme jambo moja la marehemu. Tulipokuwa tunajenga, fundi akishafunga kamba za msingi, Mama Rehema aliingia katikati ya zile kamba akalala chali chini, kichwa huku, miguu kule. Kisha alijiviringisha mara moja upande, hiyo ni nafasi ya mtoto. Pasipotosha, fundi anasogeza kamba. Mafundi walimwita Futikamba, kama utepe wao wa kupimia. Yeye aliwajibu kwamba mpangaji halipii ukuta, analipia pa kulala.

Sasa ametua godoro mlangoni. Ananiuliza pango ni kiasi gani, nikamtajia.

"Ndivyo ilivyoandikwa?"

Nikatoa karatasi mfukoni, ikawa ile ndogo. Hakuisoma. Aliingia nayo ndani, akalala sakafuni kama zamani. Kichwa kikagusa ukuta, na miguu ikabaki nje ya mlango kuanzia magotini. Chumba kimekuwa nusu. Nyayo zake zina ule udongo mwekundu wa makaburini.

Nikampa haraka karatasi kubwa. Kuta zikaanza kuondoka. Zinarudi nyuma, zinarudi nyuma, mpaka akabaki amelala kwenye uwanja mtupu, upepo unampiga. Bati halipo. Nikageuka kuitazama nyumba kubwa, nayo haipo, hakuna hata tofali.

Ndipo sauti yangu ikatoka. Nikamwambia nilitaka tu kumaliza vyumba vyake. Akaketi, akajipangusa vumbi begani, akanitazama bila hasira.

"Baba Rehema," akasema, "mimi sihitaji paa tena. Andika chumba nilichokipima."

Akainama kuchukua godoro. Nikawahi kumsaidia, nikaishika kamba, nikaikaza, na mkononi mwangu ilikuwa shuka.

Kulikuwa kumepambazuka. Mafuta ya Mwajuma yalikuwa yanachemka uani. Nilikaa kitandani mpaka machozi yakaisha, kisha nikaitoa ile mikataba chini ya mto nikampelekea jikoni kwake. Nikamwambia aitie motoni.

"Ipi, mikubwa au midogo?"

"Yote. Tutaandika unacholipa."

Alinitazama usoni, akaacha utani. Akaisukuma chini ya sufuria mmoja mmoja.

Saidi alikuja na pikipiki kunichukua. Nilipomweleza alizima pikipiki, akasema kwa pango la kweli, na kodi ikitolewa yote, mkopo wangu utaezeka chumba kimoja tu, na mvua haingoji mtu. Nikamjibu kwamba najua. Akaenda amenuna kumngojea Mwajuma atoe maandazi.

Mimi nikaingia kwenye chumba cha mwisho, kile kitakachobaki wazi. Nikayakanyaga majani yakalala, nikajinyoosha chini chali. Kichwa changu na miguu yangu vilienea ndani ya kuta, na juu ni mawingu tu. Nikajiviringisha mara moja upande. Nafasi ya mtoto ilikuwepo.