Gambuti za Misa ya Kwanza

Raimundi Kapinga wa Mkumbi ni mtu wa kutunza vitu. Redio aliyoinunua ujanani bado imo ndani ya mfuko wake wa nailoni, na kwa sababu ya nailoni hiyo haijawahi kusikika vizuri. Kwa hiyo mwezi wa tano, kikundi chao cha wakulima wa kahawa kilipogawa gambuti, jozi moja kwa kila kaya, waliomfahamu walijua kwamba jozi ile haitakanyaga udongo.

Kabla ya kugawiwa walifundishwa. Bibi shamba, binti mmoja aitwaye Shamimu, alisema nao asubuhi nzima mpaka sauti ikamkauka. Chini ya nyasi wanazotandaza kwenye mibuni hulala moma, nyoka mnene asiye na haraka, ambaye hakukimbii, anakusubiri umkanyage. Basi vaeni gambuti. Na akiuma mtu, msifunge kamba, msichanje kwa wembe. Mvueni viatu na chochote kinachobana, maana mguu utavimba, kisha mkimbizeni hospitali. Raimundi aliitikia kwa kichwa kila neno. Alikunywa soda mbili, yake na ya jirani aliyechelewa, akarudi nyumbani mtaalamu.

Jumapili iliyofuata alitinga misa ya kwanza na gambuti zake. Jua lilikuwa kali, vumbi tupu, lakini yeye alipita katikati ya kanisa kwenda kutoa sadaka, kwap, kwap, kwap, hata kwaya ikapoteza mstari. Msibani alizivaa. Mkutano wa ushirika alizivaa, akakaa mbele na kukunja nne. Akirudi anazifuta kwa kitambaa cha maji, anazitundika ukutani juu ya kitanda, kisha anavaa ndala zake zilizofungwa waya na kushuka shambani kuchuma kahawa.

"Baba Glorious," mkewe Kunigunda alimwuliza siku moja, "huyo moma naye anasali? Maana naona unamjia na gambuti kanisani tu."

"Vitu vizuri havipelekwi matopeni."

"Basi nipe mimi nivae. Kule bondeni nachuma mimi."

"Mguu wako mpana. Utazitanua."

Kunigunda alicheka kile kicheko cha mwanamke aliyekaa kwenye ndoa miaka ishirini na saba, akaenda bondeni na kandambili.

Siku ya ngokela ikafika, zamu yao ya kusaidiwa na majirani kuchuma. Watu walikuja kumi na wawili. Raimundi, kama mwenye shamba na msomi wa semina, alitangulia mbele na ndala zake, kila baada ya hatua mbili akigeuka nyuma kuwaonya: "Angalieni mnapokanyaga, jamani! Angalieni!" Na kwa kuwa alikuwa anawaangalia wao, alimkanyaga moma mgongoni.

Aliumwa juu kidogo ya vidole. Jirani yao Hildegardi alileta kamba; Kunigunda akaitupa. Mwingine alikuja na wembe; akafukuzwa. Hamidu wa bodaboda akapigiwa simu, akafika upesi, na kila kitu kingekwenda sawa kama mgonjwa mwenyewe asingekuwa Raimundi.

"Siendi Mbinga na ndala," alisema. "Nileteeni gambuti."

"Shamimu alisema mguu utavimba!" Kunigunda alipiga kelele.

"Niingie mjini hivi, watu waseme Kapinga amefulia?"

"Mzee wangu," Hamidu akasihi, "sumu haina subira."

Haina, lakini Raimundi alikuwa nayo tele. Aligoma kupanda pikipiki. Kunigunda alitazama dakika zinavyokwenda, akakimbia ndani, akaleta gambuti, akamvika. Akapanda nyuma yake na kumshikilia njia nzima.

Mpira wa gambuti zile ulikuwa imara kweli, kikundi hakikudanganya. Walipofika hospitali mguu ulikuwa umejaa ndani yake pomoni.

"Shikamoo baba," muuguzi alimsalimu.

"Marahaba," akaitikia, meno yakigongana.

Muuguzi alivuta. Raimundi akapiga yowe lililowatoa watu kwenye foleni. Muuguzi akachukua mkasi mkubwa.

"Usikate! Vuta taratibu, mwanangu!"

Daktari akainama, akabonyeza goti lililovimba. "Mzee, dawa ya sumu tunayo. Lakini damu haishuki, mguu unakufa humo ndani. Lazima kitu kikatwe: buti sasa hivi, au mguu kesho. Chagua."

Raimundi akanyamaza.

Ndugu zake husema ni maumivu yaliyomfunga kinywa. Lakini Kunigunda alikuwa amemshika mkono, anamwona usoni, na uso ule anaujua. Mumewe alikuwa anafikiria.

Hasira ikampanda. Alimpokonya muuguzi mkasi, akaupitisha kwenye mpira kutoka juu hadi chini, analia, anamtukana kwa Kimatengo mbele ya watu wote wa mjini. Mguu ukatoka mweusi, umevimba kama boga, vidole havionekani vizuri. Raimundi aliutazama. Tangu asubuhi alikuwa hajauogopea hata kidogo, na sasa midomo ikaanza kumcheza.

"Mama Glorious," akauliza kwa sauti ndogo, "utapona?"

"Sijui," Kunigunda akamjibu, mkasi bado mkononi. "Sijui, baba."