Kitu au Mtu

Landrova ya idara yetu ilikuwa kongwe hata kabla ya Mapinduzi. Nilipokabidhiwa mimi, miaka mitatu minne baadaye, rangi yake ya kijani ilikuwa imeshapauka na mlango wa abiria unafungwa kwa kamba ya usumba. Kazi yangu ilikuwa kumpeleka mkunga mkuu katika vijiji vya kusini, na ikibidi kumrudisha mjini pamoja na mgonjwa. Nilikuwa nikiijua sauti ya kila kipande cha gari ile, au nikidhani naijua.

Siku hiyo tulimchukua mwanamke Paje. Uchungu ulikuwa umemshika tangu usiku na mtoto hataki kushuka. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, mama mkwe wake upande mmoja, mkunga upande wa pili. Njia ya mawe mpaka Kitogani nilikwenda taratibu, maana kila jiwe lilikuwa likimpiga yeye. Tulipoingia kwenye lami nikaongeza mwendo.

Ndani ya msitu wa Jozani gurudumu la kushoto likaingia kwenye shimo. Mashimo yalikuwa mengi na nilishayazoea, lakini safari hii usukani ulinitoka mikononi. Ukawa unakwenda kulia na kushoto wenyewe, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Boneti ilikuwa ikiyumba mbele yangu, vioo vinagongana, na nyuma mama mkwe anamtaja Mungu. Niliushika kwa nguvu, ukanipiga kwenye kidole gumba, nikauachia. Nilikanyaga breki, na mtikiso haukukoma mpaka gari ilipokaribia kusimama kabisa.

Nilishuka nikazunguka. Nati zote zimekaza, matairi yana upepo, hakuna kilichovunjika. Tukaondoka tena. Nilipofika mwendo wa kawaida na kugonga shimo jengine, ikaanza upya. Kuanzia hapo nilikwenda kama mtu anayesukuma mkokoteni.

Mkunga alisogeza kichwa karibu na bega langu. "Mwanangu, huwezi kwenda mbio kidogo?"

"Siwezi, Bibi. Nikienda mbio ntakuangusheni."

Nilimsikia akisema na yule mwanamke polepole, akimwambia apumue, na mie macho yangu njiani, nikiyahesabia mashimo yote kuwa adui zangu. Tulifika hospitali ya mjini alasiri imeshakwisha. Mama aliokoka. Mtoto hakuokoka. Mkunga alitoka chumba cha uzazi akiwa amevua glovu, akanambia kwamba hata tungeruka angani isingewezekana. Sikujua, na hata leo sijui, kama alisema kweli au alinihurumia.

Asubuhi yake niliitwa na mkuu wa usafiri. Ofisi yake ilikuwa Mji Mkongwe, ndani ya nyumba ya watu waliokwishaondoka. Ukutani zilibaki alama nyeupe za picha zilizotunduliwa. Alikuwa kijana kuliko mimi, shati limepigwa pasi vizuri, na hakupandisha sauti hata kidogo. Aliniuliza gari imekuwaje, nikamweleza. Aliniuliza kama natia mafuta kila inavyopasa, nikamwambia natia. Halafu akaniuliza jambo alilokuwa ameniitia.

"Nani aliishika gari hii mara ya mwisho, Ndugu Dereva?"

Alikuwa akijua, na mie nikijua kwamba anajua. Mwezi uliopita gari ilikuwa karakana, na fundi aliyeishughulikia alikuwa rafiki yangu, mtu wa Mpendae, wazee wake walitoka bara kuja kuchuma karafuu. Siku zile neno hujuma lilikuwa jepesi kwa anayelitamka na zito kwa anayeangukiwa nalo. Mwenzetu wa idara nyengine aliitwa kuulizwa habari ya injini iliyokufa, na kiti chake kilikaa kitupu mpaka akaletwa mtu mwengine kukikalia.

Nikasema, "Mkuu, tupe nafasi tutafute ubovu uko wapi. Hapo utajua."

Akaitazama kalenda yake. "Mpaka Jumamosi. Jumamosi nataka kujua ni kitu au ni mtu."

Nilikwenda moja kwa moja karakana, nikamweleza fundi kila kitu, pamoja na mtoto. Alifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kuwa safi. Aliniuliza mtoto alikuwa mwanamme au mwanamke. Nikamwambia mwanamke. Akachukua jeki.

Tuliinua mbele, tukashika gurudumu juu na chini tukalitikisa, kisha kulia na kushoto. Hakuna lililocheza. Tukakagua vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu, vyote vimekaza. Basi yeye akaona ni matairi: la kushoto limeliwa upande mmoja, na tairi lisilo sawa huitikisa gari. Mapya hayakuwepo, hakuna spea iliyokuwa ikija miezi ile. Tukayahamisha, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele.

Tulitoka kuijaribu njia ya uwanja wa ndege, fundi anaendesha. Lami pale ilikuwa nzuri. Alikwenda mbio, na usukani umetulia mikononi mwake kama gari mpya. Tukageuka, tukiwa tunazungumza kwa furaha, tukakata njia ya vumbi ya Mpendae kurudi karakana, na hapo gurudumu la kushoto likavuka mtaro mdogo wa maji.

Ilianza ileile. Mbele yetu lilikuwepo gari la ng'ombe limejaa nazi. Fundi alipigana na usukani, gari ikaserereka mpaka ukingoni mwa njia, na tuliposimama pembe ya ng'ombe ilikuwa karibu kugusa kioo changu. Mwenye ng'ombe alishuka, akamshika shingoni kumtuliza, akatutazama sote wawili. Aliuliza tu kama tumelewa, kisha akaondoka.

Tulikaa ukingoni. Fundi ndiye aliyesema kwanza. Alisema kama ni tairi, ingetikisika kwenye lami nzuri vilevile, na ingetulia ukibadili mwendo. Mie nikasema kila mara imeanza baada ya kugonga kitu kwa gurudumu la kushoto, na ikianza haikomi mpaka usimame. Tukatazamana. Kwa hiyo kilichokuwa kikitikisa gari hakikuwa gurudumu lenyewe, ila kitu kilichotakiwa kulizuia lisicheze na hakikulizuia.

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa. Asubuhi tuliinua gari tena tukaanza kufungua upande wa mbele. Wakati wa sala nilikwenda msikitini. Yeye ni Mkristo, akabaki kazini. Katika sala ile mawazo yangu yalikuwa karakana, Mungu anisamehe. Niliporudi nilimkuta amekaa chini, mgongo ameuegemeza ukutani.

"Shika hapo," alisema.

Alikuwa ameachanisha vyuma vya usukani, kila gurudumu limebaki peke yake. Nililisukuma la kulia kulipinda: zito, linakwenda kwa kulazimishwa. Nikaligusa la kushoto kwa kidole, likageuka bure, kama mlango uliotiwa mafuta.

Akanieleza. Gurudumu la mbele hugeukia kwenye pini mbili, moja juu, moja chini. Pini hizo lazima zibanwe kiasi, ili gurudumu lisigeuke ovyo likipigwa. Mbano huo huwekwa kwa vibati vyembamba vinavyowekwa chini ya kifuniko cha juu: ukivipunguza linabana, ukivizidisha linalegea. Bushi, kile kichuma ambamo pini huzungukia, ilikuwa imeliwa kwa miaka, na vibati ni vilevile vya zamani, kwa hiyo mbano umepotea.

Kisha akasema, "Mwezi uliopita niliifungua hii mie mwenyewe, kubadilisha sili ya mafuta iliyokuwa ikivuja. Nilivirudisha vibati vyote kama nilivyovikuta. Sikupima."

Niliwaza lile swali la mkuu, na jawabu lake lilikuwa limekaa mbele yangu na mikono ya grisi. Nilimwambia si lazima asemwe aliyefungua. Tutasema bushi imeliwa, na bushi kweli imeliwa. Akatikisa kichwa, akasema kwanza tuitengeneze.

Alitoa kibati kimoja, akafunga, akajaribu, bado. Akatoa cha pili. Kiasi cha mbano alikuwa akikikumbuka tangu alipojifunza kazi, lakini mizani ya karakana ilikuwa imeshapotea. Nilikwenda Jang'ombe kwa jirani yangu muuza samaki, nikaazima mizani yake ya kutundika, ile ya ndoano. Tukaitia ndoano kwenye mkono wa gurudumu, tukavuta, tukasoma: ratili kumi na kidogo ndipo likasogea. La kulia nalo tukalirekebisha liwe sawasawa. Karakana nzima ilinuka pweza.

Jumamosi mkuu alikuja mwenyewe. Kabla hajauliza, fundi alisimama mbele yake akamwambia yote, bushi, vibati, na mkono wake mwenyewe. Nilijaribu kuingia kati, akaninyooshea kiganja ninyamaze. Mkuu alisikiliza huku akitazama chini ya gari. Mafundi wengine wakaacha kugonga.

"Twendeni Jozani," akasema.

Nikaendesha mie, mkuu pembeni yangu, fundi nyuma. Msituni nikaongeza mwendo kupita ule wa siku ile, nikaliona shimo, nikalielekeza gurudumu la kushoto humo makusudi. Gari ikaruka. Usukani ukanipiga mara moja kiganjani, ukatulia. Nikatafuta shimo jengine, na jengine. Ukatulia. Mkuu akanambia nisimame. Alishuka, akatembea mpaka mbele ya gari, akaweka mguu juu ya bampa, akawa anawatazama kima juu ya mti. Tulingoja.

Aliporudi alimwelekea fundi. "Hayo uliyonambia usimwambie mtu mwengine. Mie ntasema chuma kimeliwa."

Fundi aliitika "Naam" kwa sauti ndogo.

Jumatatu nilimpitia mkunga kwake. Nilimwamkia, akaitika, akauliza kama nshaitengeneza, nikasema ndiyo. Akaifungua ile kamba ya mlango, akapanda. Wiki hiyohiyo fundi aliinua landrova zote zilizokuwepo karakana, moja baada ya nyengine, bila ya kuambiwa na mtu, akavuta kila gurudumu kwa mizani ya muuza samaki. Mbili alizikuta zimeshalegea.