Mlio wa Gari la Delphine

Verlon Hatcher alimzika mkewe Delphine, na majani yalipoanza kupukutika akakata ekzosi ya gari aliloachiwa naye, Corvette ya zamani. Hakuna aliyemlazimisha. Ijumaa jioni wazee wa mji wa Saginaw hupanga magari yao ya zamani mbele ya duka la hambaga na kufunua boneti, na huko ndiko walikomcheka.

"Verlon, gari zuri hivyo linakoroma kama ng'ombe mwenye mafua!"

Wakamshauri atoe kile kipande kifupi kinachounganisha bomba la kulia na la kushoto kama herufi H, aweke mabomba yanayokutana katikati kama X. Akaweka. Yale ya zamani yakauzwa kama chuma chakavu, yakayeyushwa.

Jumamosi akalitoa gari kwenda kumchukua Maxine, dada wa marehemu, waende makaburini. Siku zote Maxine alilisikia gari hilo likiwa bado konani, akaanza kumimina kahawa. Safari hii Verlon alishuka, akagonga mlango mara mbili.

"Kumbe wewe, shemeji! Nilidhani ni wale vijana wa jirani." Akalitazama gari. "Umelifanya nini?"

"Nimebadilisha kidogo tu."

"Kidogo? Umemtoa dada yangu humo."

Badala ya makaburini, wakaenda moja kwa moja kwa fundi wa magari, Kowalczyk.

"H ninazo tatu, mzee," fundi akasema. "Kipande kipana, chembamba, na hiki cha kukaa nyuma. Kila kimoja na sauti yake. Gari la marehemu lilikuwa linaliaje?"

Verlon akajaribu kuukumbuka mlio ule, asiupate. Miaka yote gari lile liliingia uani kila jioni, naye yuko mbele ya televisheni, akiongeza sauti ili asikie mpira.

Maxine akatua mkoba wake. Mbele ya wanaume waliokuwa wakisubiri magari yao, akavuta pumzi.

"Bruu-du-du... du... bruu."

Mmoja akaangua kicheko. "Bibi, tukutie mafuta?"

"Nyamaza wewe," fundi akasema. "Na akikanyaga mafuta?"

"Du-du-du-vuuum. Lakini chini, huku tumboni."

"Basi ni kile kipande chembamba." Akamgeukia Verlon. "Nikifunge, mzee?"

Verlon alikuwa anatazama viatu vyake.

"Usiniulize mimi," akasema. "Muulize shemeji."