Maziwa ya Kavata

Mimi husema wazi, na anayekasirika akasirike: nthoni ndiyo ilimmaliza mtoto wa Kavata. Si uchawi, kama wanavyonong'ona akina mama wa kanisani. Nthoni, ile aibu yetu Wakamba ya mwanamke na baba mkwe wake, kwamba hamwangaliani machoni, hamli pamoja, na mambo ya mwili hayatajwi kabisa. Nilikuwa jirani yao. Niliona kwa macho yangu.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nne, huku kwetu Kwa Vonza. Mvua ilikuwa imetukataa na ng'ombe wamekufa boma baada ya boma. Chakula kilikuwa cha msaada, tena si cha bure: unavunja kokoto za barabara mchana kutwa, jioni unapimiwa mahindi yako. Mutiso, mume wa Kavata, alikuwa ameenda Mombasa kutafuta kazi, na huko akanyamaza kimya. Nyumbani alibaki Kavata na baba mkwe wake, Mzee Muthama, ambaye mkewe alikuwa amefariki zamani.

Kavata alikuwa ameshazika mvulana mmoja. Kwa hivyo alipojifungua msichana aliapa kwamba huyu atamlea, hata kama ni kwa meno. Mtoto akapewa jina la marehemu nyanya yake, Mbinya, na mzee akawa anamwita mke wangu. "Mke wangu ameamka? Mke wangu ameshiba?" Mzee mwenyewe alikuwa mkali, watoto wa jirani walikuwa wakimkimbia, lakini kwa huyo mtoto aliyeyuka kabisa. Ungecheka.

Sasa, Kavata asipoenda kokoto hakuna mahindi, na asipokula hata maziwa yatatoka wapi? Akaenda na mtoto mgongoni. Msimamizi akamrudisha: vipande vya mawe vinaruka, vumbi limejaa, hataki kichanga hapo. Akaenda zahanati analia. Nesi akampa kitu ambacho sisi hatukuwa tumewahi kukiona, pampu ndogo ya kioo yenye mpira wa kubonyeza. Akamwambia akamue asubuhi kabla ya kutoka, aweke kwenye kikombe kilichochemshwa, afunike, mtoto apewe kwa kijiko siku hiyo hiyo kabla ya jua kuwa kali. Yakibaki, yamwagwe.

Mara ya kwanza alikuja kukamulia kwangu, kwa sababu kwao mzee alikuwepo. Woi, alivyoumia! Anabonyeza, inavuta, yanatoka matone tu, na machozi yanatoka zaidi kuliko maziwa.

"Mama Kiilu," akaniambia, "najiona kama ng'ombe."

"Ng'ombe gani analia hivyo?" nikamjibu. Tulicheka mpaka akashika mbavu, kisha akalia tena. Lakini alikazana, na baada ya siku chache kikombe kikawa kinajaa.

Mimi ningemshika mtoto, lakini maji yalikuwa mbali. Nikitoka na punda asubuhi, narudi jua likizama. Basi mtoto akaachiwa mzee. Ndiyo, mwanamume mzima, na kichanga na kijiko! Watu walimcheka, naye hakujali.

Kumweleza ndiko kulikuwa na kazi. Utaanzaje kumwambia baba mkwe habari za matiti yako? Nilimwambia Kavata, "Mwambie tu, ni maziwa, si matusi." Akajifunika uso na leso. Kesho yake akaniambia ameshamwambia, nami nikaridhika. Kumbe aliweka kikombe mezani, akasimama mlangoni akitazama nje, akasema, "Baba, maziwa ya mtoto yako hapo," akakimbia. Yale mengine yote ya nesi alibaki nayo moyoni.

Haikupita muda mrefu mtoto akaanza kuharisha. Jumapili mama yake akishinda nyumbani, anapata nafuu. Kokoto zikianza tena, anaanza tena. Macho yakaingia ndani, ngozi ikalegea. Kavata akachemsha kikombe mpaka kishikio kikapasuka. Aliacha maharagwe, akaacha chumvi.

"Ni maziwa yangu," alikuwa akiniambia. "Yana sumu. Hata yule wa kwanza niliyemzika, ni haya haya yalimuua." Mimi namwambia nyamaza, mjinga wewe, lakini hata mimi moyo ulikuwa umeanza kuogopa.

Siku moja punda wangu akachechemea, nikageuza njiani. Nikapita kwa Mzee Muthama kumjulia mtoto hali. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, kibuyu kati ya magoti, kile cha kusuguliwa ndani kwa kijinga cha moto, kinanukia moshi. Akachukua kikombe cha Kavata, akayamimina maziwa ndani ya kibuyu taratibu, juu ya yale ya jana, akatikisa.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nayalaza maziwa ya mke wangu," akasema, tena kwa fahari. "Haya mabichi ni mepesi kama maji, yatamkata tumbo. Acha yalale yagande vizuri ndiyo nimpe. Watoto wangu wote walikunywa ya kibuyu. Tangu ng'ombe wangu wa mwisho afe, hiki kilikuwa hakijaonja maziwa mpaka haya."

"Mzee! Hayo si ya ng'ombe!"

"Najua ni ya nani," akajibu, akatazama chini. Hata yeye aibu ilimshika.

Nilimnyakua mtoto nikakimbia. Alikuwa mwepesi, hata kulia hakulia. Nesi aliposikia habari ya kibuyu alifumba macho. Akatafuta mshipa wa kuweka maji, mkononi, mguuni, kichwani, hakuupata. Kavata aliitwa, akafika na vumbi la mawe usoni, gauni limelowa maziwa kifuani. Mbinya alikata roho akiwa mapajani mwake.

Baada ya mazishi nilikuwa na Kavata jikoni kwake. Maziwa hayakuwa na habari kwamba mwenyewe amekufa. Yalikuwa yanamjaa mpaka homa, nami namsaidia kuyakamua. Mzee Muthama akaja akasimama nje ya mlango, ametugeuzia mgongo kama inavyotakiwa.

"Mama Kiilu," akasema. "Muulize mke wa Mutiso. Alitaka niyafanyeje?"

Kabla sijafungua mdomo, Kavata akajibu mwenyewe. "Nilitaka umpe tu, baba. Vile vile yalivyokuwa."

 Nikasikia mzee anavuta pumzi kwa shida.

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, baba?"

 Nami, na mdomo wangu huu wote, niliinama nikaendelea kuyakamua maziwa.