Mama Vifungo na Waziri Aliyeshona Mifuko

Chakula cha mchana kimeshuka tumboni na usingizi unaanza kubisha hodi. Katika karakana ya ushonaji iliyo juu ya duka la mikoba, vyerehani vinanyamaza kimoja baada ya kingine. Huu ni wakati wa kazi ya mkono: vifungo, vitundu na pindo. Mafundi wanavuta viti karibu na dirisha, kila mmoja na sindano yake.

Mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi hashiki sindano. Anafungua kitabu kilichochanika jalada, anakohoa kidogo, kisha anavimbisha mashavu. Sauti inayomtoka si yake. Ni ya waziri mnene wa kwenye riwaya, anayewahimiza wananchi wafunge mikanda.

"Ndugu wananchi," anasoma, "mimi mwenyewe nimefunga mkanda hadi tundu la mwisho. Mkanda ndio ulioongezwa urefu."

Kicheko kinapasuka. Fundi mmoja anajichoma kidole, anakinyonya, anaendelea kucheka.

Hapa wanamwita Mama Vifungo. Kwa zaidi ya miaka ishirini ametia vifungo kwenye suti za watu wanaoketi viti vya mbele. Mafundi hulipwa kwa idadi ya nguo, kwa hiyo saa anayosoma ingemlia ujira wake. Wenzake walilimaliza hilo zamani: kila mmoja huchukua koti moja kutoka kwenye rundo la Mama Vifungo na kulishona kama lake.

"Wao wananishonea, mimi nawasomea," anasema. "Hapo nani anamdai nani?"

Hawakuanza na mawaziri. Walijaribu kwanza riwaya za mapenzi, wakalia hadi wakalowesha bitana za makoti. Wakahamia za upelelezi, zikawagombanisha, maana kila mtu alikuwa na mshukiwa wake na hakuna aliyetaka kurudi nyumbani kabla ya muuaji kukamatwa. Ndipo Mama Vifungo akaleta kitabu alichorithi kwa baba yake.

Baba huyo alikuwa tarishi wa ofisi kubwa. Mchana kutwa aliwafungulia wakubwa milango na kuwabebea mafaili. Jioni alijifungia chumbani na kitabu, na watoto wakamsikia akicheka peke yake.

"Baba alikuwa mtu wa maneno machache sana," anakumbuka. "Mimi nikajiuliza, kuna nini mle ndani kinachomchekesha mtu kama huyu? Siku niliyojua kusoma vizuri nikakichukua. Nikamkuta bosi wake mle, kitambi na kila kitu. Na aliyekiandika wala hakumjua."

Anasema hapo ndipo utamu ulipo. Mkubwa ukimkuta barabarani unampisha. Ukimkuta kitabuni unamkalia kitako, unamtazama akihangaika kutafuta miwani iliyo puani kwake, na hofu yote inakuisha.

Utamu huo, hata hivyo, nusura uwatie matatani.

Miezi michache iliyopita, mheshimiwa diwani wa eneo lao alileta kitambaa cha kijivu ashonewe suti ya sherehe. Kwa kawaida, mdomo wa mfuko wa koti hushikizwa kwa uzi mwepesi ili usivutike wakati wa kupigwa pasi. Mteja akifika, uzi huo huvutwa na mfuko hufunguka. Kazi hiyo ni ya fundi mkongwe wanayemwita Mzee wa Mifuko.

Mchana huo Mama Vifungo alikuwa amefika pale waziri anapotangaza dawa ya wizi: mifuko ya wananchi wote ishonwe. "Mifuko ikishonwa," waziri anauliza bungeni, "mwizi ataingiza wapi mkono?" Wabunge wanapiga meza. Mafundi wa serikali wanatawanywa nchi nzima na sindano.

Mzee wa Mifuko alicheka hadi machozi yakamziba macho. Mikono yake ikafuata kitabu. Alishona mifuko ya koti la diwani kwa uzi wa suti yenyewe, mshono mdogo, wa nguvu, usioonekana. Pasi ikapita juu yake. Mteja akachukua mzigo wake akaenda.

Siku ya sherehe diwani alisimama jukwaani na kutaka kutia mkono mfukoni, kama wanavyosimama waheshimiwa. Mkono uliteleza. Akajaribu tena, ukateleza. Watu wa mbele wakadhani anajifuta jasho la viganja.

Habari zilipofika karakana, mwenye karakana, mama mpole asiyependa kelele, alikichukua kitabu na kukifungia kwenye kabati la vitambaa.

"Kuanzia leo hapa ni kushona tu," aliwaambia. "Mnataka nifunge biashara kwa sababu ya waziri ambaye hata hayupo?"

Mama Vifungo anakiri kwamba iliuma. Mchana uliofuata alishona vifungo vyake mwenyewe, na wenzake wakasinzia hadi mmoja akashona pindo la suruali pamoja na gauni lake alilovaa.

"Nilijihisi nimefiwa," anasema. "Baba alifariki, lakini mle kitabuni nilikuwa bado namsikia akicheka."

Kisha diwani mwenyewe akaja, koti mkononi, akataka kujua ni nani aliyemfanyia vile. Mzee wa Mifuko akainamia sindano yake. Mwenye karakana alikuwa tayari na uongo mzuri kuhusu uzi mbovu. Mama Vifungo akasimama.

"Mheshimiwa, tulikuwa tunacheka," alisema. "Tulikuwa tunasoma kitabu, mzee wangu akapitiwa. Kosa letu, na tutalifumua sasa hivi ukiwa umekaa."

"Kitabu gani hicho cha kushona watu mifuko?"

"Kipo kabatini, mheshimiwa. Kimefungwa."

"Kilete."

Mwenye karakana alitoa ufunguo kama mtu anayetoa jino. Mama Vifungo akavimbisha mashavu, akasoma ukurasa uleule. Kisha bega la diwani likaanza kutikisika. Alicheka, akajipiga paja, akaomba arudiwe.

"Huyu ni mwenyekiti wetu wa halmashauri," alisema akijifuta macho. "Yeye kabisa. Aliyeandika alimjulia wapi?"

Nyani haoni kundule, na haikuwa kazi ya mafundi kumletea kioo. Mifuko ilifumuliwa, akaondoka akiwa na furaha, na akaagiza suti ya pili. Mwenye karakana hakurudisha kitabu kabatini.

Nyumbani kwa Mama Vifungo, mumewe, ambaye ni seremala, ana malalamiko yake. "Hiyo sauti imemkaa," anasema. "Juzi ameunda kamati ya kuosha vyombo. Mwenyekiti yeye, wajumbe sisi." Mkewe anamwangalia kwa jicho la pembeni na kumwambia hoja yake imepokelewa.

Ana mpango wa kufungua darasa dogo la kusoma kwa sauti pale pale karakana, siku za mapumziko, kwa yeyote wa jengo lile anayetaka kuja. Mwenye karakana amekubali, mradi viti virudishwe mahali pake.

Lakini lililo karibu zaidi linampa kiwewe kidogo. Diwani atakuja kupima suti yake ya pili wiki ijayo, na ameomba aje saa ya kitabu. Sura watakayokuwa wamefika inamhusu diwani mmoja anayezindua bomba la maji mara nne, kila mara likiwa limepakwa rangi mpya.

"Mtaani kwetu kuna bomba," anasema Mama Vifungo. "Mimi sisemi zaidi."

Mwenye karakana amemshauri aruke kurasa hizo. Mzee wa Mifuko amesema siku hiyo atakuwa anaumwa. Mama Vifungo anaufunga vizuri uzi wa miwani yake na kufungua kitabu palipo na alama.

"Nitasoma kama kilivyoandikwa, sitaruka hata mstari," anasema. "Akimcheka na diwani huyo wa kitabuni, nitampa mkono. Maana baba yangu alimfungulia bosi mlango miaka yote ile, na hakupata hata siku moja ya kucheka naye."

Kisha anawaambia wenzake wachukue makoti yao, na karakana inatulia kumsikiliza waziri.